Trekta la Nyasi Juu ya Barafu: Safari ya Ziwa Mille Lacs

Jumatano, Brooklyn Park

Hapa Minnesota, trekta la kukatia nyasi hufanya kazi kuanzia Mei hadi Oktoba, kisha hulala gerejini miezi iliyobaki, na mwenyewe hulazimika kulizunguka kila anapotaka kufikia koleo la theluji. Langu lina injini ya silinda moja yenye nguvu za farasi 17.5, gia sita za mkono, na matairi mapana laini yaliyotengenezwa ili yasiumize nyasi. Shemeji yangu alikulia Mwanza, na hawezi kukaa mbali na maji yenye samaki hata kama maji hayo yamefunikwa na barafu. Yeye ndiye aliyelitazama trekta hilo akasema kwamba kuburura sleji (kigari cha kuteleza kisicho na magurudumu) ya zana za uvuvi kwa kamba ya begani, kilomita mbili juu ya ziwa lililoganda, ni kazi ya punda, na kwamba punda wa chuma tunaye hapa hapa, hana kazi.

Wenyeji wengi huingia ziwani kwa pikipiki za theluji au za magurudumu manne, na barafu inapokuwa nene vya kutosha huingia na pikapu. Pikipiki hizo, hata zilizokwisha kutumika, huuzwa kwa maelfu ya dola, nasi hatukuwa na maelfu ya kutupa. Trekta tulikuwa nalo tayari.

Kazi ya kwanza ilikuwa kuliondoa lile bakuli la chuma linalobeba visu. Tulichomoa kwanza waya wa plagi, ili injini isije ikashtuka mikono yetu ikiwa chini yake. Tukalishusha bakuli hadi mwisho, tukalegeza mkanda unaozungusha visu na kuutoa kwenye puli ya injini, tukachomoa pini za vishikio vya mbele na vya nyuma, kisha tukakata usukani hadi mwisho na kulivuta bakuli litokee ubavuni. Mkanda unaoendesha magurudumu ni mwingine, unapita juu zaidi, na haufai kuguswa. Ule wa visu niliufunga karatasi yenye maelezo na kuutundika ukutani, maana mwezi wa Mei utahitajika tena. Mkono wa kuwashia visu niliufunga kwa waya ubaki umezimwa, kwa kuwa swichi ya usalama hairuhusu injini kuwaka mkono huo ukiwa umeinuliwa.

Bakuli lilikuwa na uzito wa kilo karibu 40, na kuondoka kwake kulitupa nafasi ya kutosha chini ya tumbo la trekta kupita juu ya theluji bila kukwama. Hata hivyo, hapo ndipo hesabu yote ya mradi huu ilipoanza. Nguvu za farasi 17.5 ni nyingi mno kwa kuvuta sleji, na kinachokosekana juu ya barafu ni mshiko. Mshiko hutokana na mambo mawili, yaani uzito uliokalia magurudumu yanayosukuma na kitu chenye ncha kinachoweza kuuma barafu. Kila kilo tuliyoiongeza ili tairi ishike ilikuwa pia kilo ambayo barafu ingetakiwa kuibeba, na kwa jioni nzima tulibishana juu ya kilo moja moja.

Wakulima wa huku huongeza uzito kwa kujaza matairi ya nyuma kimiminika kisichoganda, mara nyingi kile cha kusafishia vioo vya magari. Ni njia rahisi, ila uzito huo ukishaingia hauwezi kutolewa ukiwa katikati ya ziwa. Tulichagua vyuma vya duara vinavyofungwa kwa bolti kwenye rimu, kila upande kilo karibu 18, ambavyo mtu mwenye spana moja anaweza kuvifungua hata akiwa amevaa glavu. Juu ya matairi hayo tulivika minyororo. Tulishusha upepo kidogo, tukautandaza mnyororo juu ya tairi, tukalisogeza trekta nusu mzunguko, tukafunga ndoano za ndani na za nje, kisha tukajaza upepo tena ili mnyororo ukazane. Trekta la aina hii halina kifungio cha difu, yaani gia inayogawa nguvu kati ya magurudumu mawili ya nyuma. Gurudumu moja likipoteza mshiko huzunguka bure huku la pili likisimama kimya, na kwa hiyo mnyororo wa upande mmoja ni sawa na kutokuwa na mnyororo kabisa.

Alhamisi, Brooklyn Park

Leo ilikuwa zamu ya mbele. Bakuli la visu lilikuwa likining'inia kati ya ekseli mbili, na sehemu ya uzito wake ilibebwa na magurudumu ya mbele. Ukiliondoa, kisha ukafunga mzigo nyuma, magurudumu hayo hubaki mepesi, nawe unaweza kuzungusha usukani utakavyo huku trekta likienda moja kwa moja. Shemeji alitaka tuyaondoe na kuweka mbao za kuteleza kama za pikipiki za theluji. Nilikataa, kwa sababu mbao hizo hazifai barabarani wala kwenye njia iliyokwanguliwa theluji, na njia nyingi za ziwani hukwanguliwa. Badala yake tulizamisha skrubu fupi za milimita 10, zenye vichwa vya pembe sita, katika zile mbavu nene za raba ya tairi za mbele, vichwa vikibaki nje viume barafu. Skrubu ndefu kuliko hizo ingetoboa tairi.

Mbele ya boneti tulifunga kreti kwa vyuma vya pembe, ya kubebea sanduku la spana, mtaimbo na keekee ya barafu, ili uzito huo uikalie ekseli ya mbele. Mtungi wa gesi ya hita, ambao shemeji alikwisha kuupangia nafasi humo, niliuhamishia kwenye sleji, kwa kuwa silensa ya trekta hili hutokea mbele na hutoa moto wa kutosha kubabua rangi.

Oili iliyokuwamo ilikuwa ya namba 30, ambayo ni ya majira ya joto na haipendekezwi joto likiwa chini ya nyuzi 4. Kwenye baridi kali huwa nzito kiasi kwamba stata haiwezi kuizungusha injini. Tuliimwaga injini ikiwa ya moto, tukaweka ya sintetiki ya 5W-30. Petroli ya tangu Oktoba tuliimwaga pia na kuweka mpya. Betri tuliipa chaji usiku kucha, maana baridi ya huku hupunguza uwezo wake wakati ule ule ambapo injini inahitaji nguvu zaidi kuwaka.

Swichi iliyo chini ya kiti tuliiacha ifanye kazi. Watu wengi wanaobadilisha matrekta huiondoa, kwa kuwa huizima injini kila dereva anapoinuka akiwa hajavuta breki. Juu ya barafu hiyo ndiyo swichi ninayoitaka kuliko zote, kwa sababu dereva akianguka au akiruka, trekta halitaendelea peke yake na sleji nyuma.

Sleji yenyewe ni ya plastiki ngumu, na tuliifungia mbao mbili za kuteleza chini yake. Hatukuifunga kwa kamba. Trekta linapofunga breki, sleji yenye kilo 90 haina sababu ya kusimama, itakuja kumgonga dereva mgongoni au kulipindua trekta upande. Tuliiunganisha kwa bomba la chuma lenye pini kwenye tundu la nyuma la trekta, na upande wa pili tukaweka kiungo kinachocheza juu na chini. Kamba nene ya mita 15 tuliikunja na kuiweka ndani ya sleji kwa dharura.

Ijumaa, barabara ya 169

Trekta lilipanda juu ya trela kwa mbao za kupandishia, tukalibana kwa mikanda ya mizigo pembe zote nne. Barabara ya 169 inatoka huku kwetu kuelekea kaskazini kupitia Elk River, Princeton, Milaca na Onamia, kisha inafuata ufuko wa magharibi wa ziwa hadi Garrison, ambako sanamu kubwa ya samaki aina ya wolai inasimama kando ya maji. Tulifika kabla ya giza, tukalipia chumba, na kununua vidagaa hai vya chambo.

Mzee mwenye eneo la kuingilia ziwani aliliangalia trekta kwa muda mrefu.

"Visu mmeviacha nyumbani?" aliuliza.

Nilimwambia viko gerejini. Akasema vizuri, kwa sababu barafu ya mwaka huu haihitaji kukatwa zaidi. Kisha akaacha mzaha na kutuchorea kwenye karatasi mahali ufa mkubwa ulipo na mahali alipoweka daraja la mbao la kuuvuka. Watu hawa hukwangua njia, huweka alama na kupima barafu kila asubuhi, na ada wanayotoza ya kupita ni fedha ambayo mgeni haipaswi kuionea uchungu.

Jumamosi, ziwani

Nyuzi 22 chini ya sifuri alfajiri. Betri ililala nasi chumbani, na injini iliwaka mara ya pili stata ilipozungushwa. Niliiacha ingurume taratibu kwa dakika kumi kabla ya kuitia gia, kwa sababu hata gia boksi ina grisi inayoganda.

Ziwa Mille Lacs lina ukubwa wa kilomita za mraba zaidi ya 500, na kina chake hakizidi mita 13. Ni pana na si la kina, na upepo hupita juu yake bila kizuizi. Katika majira haya lina mji mzima wa vibanda vya kuvulia, barabara zake na alama zake. Ukiingia kwa mara ya kwanza macho hukudanganya kwamba uko nchi kavu, na udanganyifu huo ndio ninaouogopa kuliko baridi.

Idara ya Maliasili ya Minnesota inaelekeza kwamba mtu wa kutembea kwa miguu asiingie kwenye barafu iliyo chini ya inchi 4, na pikipiki ya theluji ihitaji kuanzia inchi 5, na vipimo hivyo ni vya barafu mpya iliyo ngumu na angavu. Barafu nyeupe, ile iliyotokana na theluji iliyolowa na kuganda, ina nguvu karibu nusu tu, na unene unaohitajika huongezwa maradufu. Trekta bila visu, vyuma vya magurudumu, minyororo na mimi mwenyewe tulifika kilo karibu 280, na sleji ilikuwa na 90. Kwa hiyo tulijihesabia kuwa zaidi kidogo ya pikipiki ya theluji yenye mtu juu yake. Shimo la kwanza tulilotoboa karibu na ufuko lilitupa inchi 17, na inchi 3 za juu zilikuwa nyeupe.

Kwa unene huo mtu anaweza kuuliza kwa nini tuliendelea kupima. Jibu ni kwamba barafu ya ziwa kubwa haina unene mmoja. Upepo huisukuma, mabamba hugongana na kuinuka kuwa kingo, na kando ya kingo hizo kunaweza kuwa na maji yaliyofunikwa na ngozi nyembamba ya jana. Ndiyo maana shemeji alitembea mbele na mtaimbo, akipiga kila baada ya hatua chache, nami nikamfuata kwa mbali katika gia ya kwanza. Trekta la nyasi, gia yake ya juu kabisa, halizidi sana kilomita 8 kwa saa, na katika gia ya kwanza huenda mwendo wa mtu anayetembea bila haraka. Wenye pikipiki walitupita wakicheka. Hata hivyo mashine inayokwenda mbio husukuma wimbi la maji chini ya barafu, na wimbi hilo linaweza kuipasua barafu karibu na ufuko au mahali penye maji mafupi, na mtu anayekwenda mbio huuona ufa akiwa ameshaufikia. Kwa hesabu yangu, upole wa trekta hili ndio sifa yake bora.

Sote wawili tulivaa makoti yanayoelea, na shingoni tulining'iniza misumari yenye vishikio ya kujivutia juu ya barafu endapo mtu angetumbukia. Shemeji, ambaye amevua kwenye mitumbwi Ziwa Victoria bila boya lolote, aliyavaa yote bila kuambiwa mara mbili.

Minyororo ilifanya kazi yake. Kwenye barafu tupu iliyofagiliwa na upepo iliacha alama ndogo nyeupe, na trekta halikuteleza hata lilipovuta sleji kupanda daraja la mzee. Mbele skrubu zilisaidia kwa kiasi. Kwenye kona kali trekta liliendelea kunyooka kwa nusu mita kabla ya kutii, na hivyo nilijifunza kuanza kukata kona mapema.

Tulipofika mahali penye kina cha mita 7 tuliegesha mbali na hema letu la kuvulia. Mbao ziliwekwa chini ya matairi yote manne, kwa sababu tairi lenye joto la mwendo huyeyusha barafu kidogo, kisha maji hayo huganda na kulishika. Breki sikuivuta, kwa kuwa ikiwa na unyevu huganda ikiwa imebana, na badala yake niliweka vigingi vya mbao mbele na nyuma ya magurudumu. Injini ilizimwa kabisa. Hakuna sababu ya kuiacha iungurume karibu na hema ambalo watu wanavuta hewa ndani yake, na hita ya gesi tayari inadai tundu la hewa liwe wazi muda wote.

Mchana tulipata perchi wadogo wa manjano. Wolai hula zaidi mwanga unapofifia, kwa kuwa nyuma ya jicho lake kuna tabaka linalorudisha mwanga na kumwezesha kuona kwenye maji yenye kiza. Shemeji alikumbuka dagaa wa Mwanza wanaovuliwa kwa karabai usiku usio na mwezi, akasema kwamba hapa mambo yamegeuka, mvuvi ndiye anayemfuata samaki gizani. Idadi na urefu wa wolai anayeruhusiwa kuchukuliwa hubadilika msimu hata msimu, maana samaki wa ziwa hili hugawanywa kati ya jimbo na Waojibwe, wenyeji wa asili wa huku, ambao haki yao ya kuvua chini ya mkataba wa 1837 ilithibitishwa na Mahakama ya Juu ya Marekani mwaka 1999. Tuliwapima kwa rula, tukawarudisha wasiofaa, na tukabaki na mboga ya kutosha.

Samaki anayekula jua likizama humlazimisha mvuvi kurudi usiku, na taa za trekta hili ni hafifu. Tulifunga taa ya betri juu ya kreti na viakisi vyekundu nyuma ya sleji, kwa sababu pikapu hupita kwenye njia hizo hizo gizani.

Jumapili, ziwani

Nyuzi 27 chini ya sifuri. Kabla ya kuwasha nilifungua kifuniko cha chujio la hewa na kukuta mdomo wa mrija wa kupumulia injini umejaa ganda la barafu. Mvuke unaotoka ndani ya injini huganda hapo, na ukiziba kabisa shinikizo hupanda na kuisukuma oili nje kupitia sili. Niliyeyusha ganda kwa chupa ya maji ya moto, nikauvika mrija huo sponji ya mabomba ambayo mzee alinipa kutoka stoo yake.

Theluji ilikuwa imeanguka usiku kucha. Theluji nzito huilemea barafu, maji hupanda kupitia nyufa, na juu hubaki blanketi jeupe huku chini yake kukiwa na uji wa barafu usioganda. Tuliingia kwenye uji huo mbali kidogo na njia iliyokwanguliwa. Chini barafu ilikuwa nzima, shemeji alihakikisha kwa mtaimbo, ila minyororo ilizunguka ndani ya uji bila kuuma chochote na sleji ikakaa kama imegundishwa.

"Usikanyage mafuta, shemeji," aliniita. "Utachimba kaburi la trekta."

Tulichomoa pini ya bomba. Trekta peke yake lilitoka polepole katika gia ya kwanza hadi kwenye barafu ngumu, tukafunga ile kamba ya mita 15 kati yake na sleji, na safari hii matairi yalikuwa na mahali pa kushika. Sleji ilikuja. Kisha tukawahi kugonga uji kutoka kwenye minyororo kwa nyundo kabla haujaganda, kwani mnyororo uliojaa barafu huwa gurudumu laini tena. Hatukuvua siku hiyo. Tulifuata alama zetu wenyewe hadi daraja, na kabla ya saa nane mchana trekta lilikuwa juu ya trela.

Jumatatu, Brooklyn Park

Chumvi ya barabarani ilikuwa imelifunika trekta lote. Tuliliosha kwa maji ya moto, tukapaka grisi kwenye vituo vya ekseli ya mbele, tukakagua minyororo. Viungo viwili vya upande wa kushoto vimeanza kulika, na skrubu tatu za tairi za mbele zimeng'oka bila kuacha tundu linalovuja.

Mbao za chini ya sleji ni nyembamba mno, ndiyo maana ilizama kwenye uji wakati trekta lilipokuwa bado linaelea juu yake kwa matairi mapana. Shemeji ameichukua nyumbani kwake ili aifungie nyingine zenye upana wa sentimita 15, na mimi nimebaki na kazi ya kurefusha bomba, kwa kuwa sleji yenye mbao pana haitaweza kukata kona nyuma ya minyororo bila kuigusa.